Je, wajua kwa nini risiva ya vali iliyolala miaka mingi haichomekwi kwenye umeme papo hapo?

Risiva ya zamani ikitoka stoo na kuwekwa mezani, moyo haukai. Mtu anataka achomeke plagi, asikie kama bado inaimba. Hapo ndipo chombo kilichovumilia miaka 60 kinapoweza kuharibika ndani ya dakika chache. Na mara nyingi mharibifu si vali, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, ingawa vali ndizo hutupiwa lawama za kwanza kwa sababu zinaonekana na zinawaka. Mharibifu ni kapasita, kimkebe cha kuhifadhi chaji ya umeme kilichonyamaza pembeni ambacho hakuna anayekitazama.

Tuanze na chombo chenyewe. Risiva ni redio na kikuza sauti ndani ya sanduku moja: inapokea mawimbi ya FM au AM, inachukua pia sauti ya santuri, kisha inaisukuma hadi kwenye spika mbili. Matangazo ya stereo ya FM yalianza Marekani tarehe 1 Juni 1961, na miaka michache iliyofuata ndiyo ilikuwa enzi ya risiva kama Fisher 500-C, kabla transista hazijatwaa kazi hiyo. Ndani ya vali kuna uzi unaopasha moto kathodi, kathodi inamwaga elektroni, na anodi yenye volti mamia kadhaa inazivuta. Katikati yao kuna gridi, wavu wa waya mwembamba wenye volti hasi kidogo, unaoamua elektroni ngapi zipite. Gridi ndiyo koki ya bomba. Kumbuka koki hiyo, tutairudia.

Sasa zile volti mamia kadhaa zinatoka kwa transfoma ya umeme, zinageuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja (DC), na kusawazishwa na kapasita za elektroliti. Ukifungua kapasita ya aina hiyo utakuta karatasi mbili za alumini zimeviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyolowa kimiminika. Kinachozuia umeme usipite si karatasi hiyo. Ni utando wa oksidi juu ya alumini, mwembamba kiasi kwamba hata kapasita ya volti 400 utando wake haufiki mikroni moja, wakati unywele wa mtu ni mikroni 70 hivi. Utando huo ulijengwa kiwandani kwa umeme wenyewe, na umeme ndio unaoutunza kila chombo kinapowashwa. Kikikaa miaka bila kuwashwa, utando unadhoofika taratibu na kimiminika kinaanza kukauka.

Ukichomeka plagi siku hiyo, volti zote zinaangukia utando uliochakaa. Umeme unavuja, kapasita inapata joto, joto linazidisha uvujaji, gesi inajikusanya ndani. Ikipasuka umepata harufu kali na uchafu chini ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba vyote. Ikishikana kabisa, yaani umeme ukapita bila kizuizi, bila kupasuka, mzigo wote unabebwa na transfoma ya umeme, na hapo ndipo pa kusikitisha. Kapasita mpya unapata leo hii. Transfoma iliyosukwa kwa ajili ya modeli moja iliyoacha kutengenezwa zamani ni kazi nyingine kuipata.

Kuna hatari ya pili, ya kimyakimya zaidi. Kati ya vali moja na inayofuata kuna kapasita ndogo inayopitisha sauti na kuzuia volti kubwa. Katika vyombo vingi vya zamani ilitengenezwa kwa karatasi na nta. Unyevu ukiingia, inaanza kuvujisha volti chanya, nazo zinafika kwenye ile gridi. Koki inafunguka kupita kiasi. Vali ya kutoa sauti inakunywa umeme mpaka bamba lake la chuma, yaani anodi, linawaka wekundu, na isipozimwa haraka, transfoma ya spika nayo inaungua. Mtu anaona vali imekufa, ananunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Vali haikuwa na kosa.

Basi tunaianzaje? Kwanza, usalama, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kapasita hizi hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, na volti 400 za umeme wa moja kwa moja zinaua. Kabla ya kugusa chochote chini ya chasisi, chomoa plagi, kisha ondoa chaji kwa kuunganisha rizista (kipande kinachozuia umeme kiasi) ya kiloomu 10, wati 5, kati ya kapasita na chasisi kwa sekunde kadhaa, ukiishika kwa waya wenye ganda zuri. Halafu pima kwa mita. Usiamini rizista wala saa, amini mita inayosoma sifuri. Ukilazimika kupima chombo kikiwa kinawaka, mkono mmoja ukae mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kama maneno haya ni mageni kwako, fanya usafi wa nje tu, mengine mwachie fundi wa redio za vali.

Chombo cha kuokoa maisha ya risiva ni rahisi kushangaza: balbu ya uzi, ya wati 60 hadi 100, iliyofungwa kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye risiva. Balbu ya LED haifai hapa. Siri iko kwenye uzi wenyewe. Ukiwa baridi unapitisha umeme kwa urahisi. Ukiwaka, ukinzani wake unapanda mara kumi au zaidi. Risiva ikiwa nzima, balbu inamulika kidogo kisha inafifia. Ikiwa na kitu kilichoshikana, balbu inawaka kwa nguvu zote na inabeba mzigo badala ya transfoma. Anza na vali zote zikiwa nje: balbu ibaki karibu giza. Isipobaki hivyo, katika risiva inayogeuza umeme kwa vali tatizo ni transfoma au nyaya zake, na kwa nyingine huenda ni diodi au kapasita, simama hapo.

Wapo wanaoshauri kupandisha volti polepole kwa saa nyingi ili utando wa oksidi ujijenge upya. Inawezekana, lakini mimi siutegemei utaratibu huo kwa chombo kitakachotumika kila siku, kwa kuwa kimiminika kilichokauka hakirudi. Pia, risiva inayotumia vali kugeuza umeme wa transfoma kuwa wa moja kwa moja haisaidiki sana kwa njia hiyo: vali hiyo haipitishi kitu mpaka ipate joto lake, hivyo kapasita zinakaa bila volti kisha zinapigwa ghafla. Mimi nabadilisha. Uwezo uwe uleule, volti ziwe zilezile au zaidi, na ile ya kwanza baada ya vali ya kugeuza umeme isiwe na uwezo mkubwa kuliko ya awali, maana vali hiyo itachoka. Za karatasi zibadilishwe zote kwa za filamu ya plastiki. Mkebe wa zamani uache mahali pake kwa ajili ya sura, mpya zifiche chini, lakini nyaya za mkebe zikatwe, zisibaki zimeungana na mpya. Rizista za zamani za kaboni nazo zina tabia ya kupanda thamani kwa miaka. Ipime kila moja, iliyozidi asilimia 20 itolewe.

Kuhusu usafi, adui mkubwa ni pupa. Tazama kioo cha mbele chenye namba za stesheni. Maandishi yale mara nyingi yamechapwa upande wa nyuma wa kioo, ule usioguswa, na rangi yake imeshachoka. Kitambaa chenye spiriti kikipita mara moja, namba zinabaki kwenye kitambaa. Safisha upande wa mbele pekee. Wa nyuma pitisha brashi laini kavu, basi. Vali nazo ni hivyo hivyo: jina na namba kwenye kioo hufutika hata kwa kidole chenye jasho, na vali isiyo na namba ni kitendawili. Futa kioo ukizunguka maandishi.

Ukiwa umeishika vali hiyo, itazame juu au ubavuni. Kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariamu, iliyowekwa humo inase gesi kidogo zinazobaki baada ya hewa kunyonywa. Doa likiwa la fedha au la kahawia lenye kung'aa, ni dalili njema. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekwisha. Nyingi utazikuta na doa zuri kabisa, ndiyo maana nasema usikimbilie kununua seti nzima.

Mikwaruzo unapozungusha voliumu inatokana na uchafu kati ya njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Dawa ya kusafishia kontakti, iliyotengenezwa kwa vifaa vya umeme, inapulizwa kidogo ndani ya tundu la voliumu, kisha unazungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Mafuta ya kulegeza kutu hayafai, yanaacha utando unaokusanya vumbi upya. Swichi zina ncha zilizopakwa fedha, nazo huwa nyeusi. Tone la dawa na kuzizungusha kunatosha, msasa utakwangua ile fedha. Chasisi pia isipigwe msasa: nyingi zimepakwa kadmiamu, na vumbi lake ni sumu. Nawa mikono ukimaliza.

Kapasita ya kutafutia stesheni, ile yenye mabamba yanayoingiliana kama kurasa, ipulizwe hewa kwa mbali na kupigwa brashi ya nywele laini. Bamba moja likipinda, stesheni zinahama. Na skrubu zilizo juu ya vikebe vidogo vya alumini usiziguse hata kama zinaonekana zimelegea. Zile zimepangwa kwa vipimo ili masafa ya kati ya FM, yale ambayo redio hugeuzia kila stesheni kabla ya kuikuza, yakae megahezi 10.7, na kuzirudisha bila vyombo ni kubahatisha.

Siku ya kuwasha, funga spika kwanza. Kikuza sauti cha vali kikipewa sauti bila spika, volti zinaweza kuruka juu ndani ya transfoma ya spika na kutoboa kinga ya nyaya zake. Angalia pia bamba la nyuma: risiva ya Marekani iliyoandikwa volti 117 na hezi 60 itahitaji transfoma ya kushusha penye volti 230, na penye hezi 50 transfoma yake itapata joto zaidi, kwa hiyo iache ipumue. Balbu ibaki kwenye njia dakika za kwanza. Zima taa za chumbani na utazame mabamba ya vali za kutoa sauti. Uzi wa ndani uwake rangi ya chungwa, bamba la nje libaki jeusi au la kijivu. Likianza kuona haya na kuwa jekundu, zima.

Sauti haitatoka mara moja. Kathodi inahitaji nusu dakika hivi kupata joto, halafu muziki unapanda polepole. Iache iimbe saa moja ukiwa karibu nayo. Baada ya hapo, kila baada ya miezi michache iwashe hata jioni moja tu, ule utando wa oksidi upate umeme wake.