Utafiti wa Dawa za Saratani: Mgonjwa Halipishwi Kujiunga

Malalamiko yanayotufikia kutoka Malindi na vitongoji vyake yanafanana: mtu ana saratani iliyokwisha kusambaa, mara anatokea wakala wa kumwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya, ila kwanza atoe pesa ya nafasi. Nafasi hiyo haiuzwi. Dawa inayochunguzwa hutolewa bure, na nauli ya mshiriki kwa kawaida hurudishwa.

Kenya hakuna jaribio halali la dawa lisilo na vibali. Kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huupitia mpango mzima, pamoja na maneno ya fomu ya ridhaa. Bodi ya Famasia na Sumu hukagua dawa yenyewe, mahali itakapotolewa na bima ya washiriki. NACOSTI nayo hutoa leseni ya utafiti, na kufanya utafiti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Hata mpango ukibadilishwa katikati, hurudishwa kwa kamati kwanza. Omba kuona vibali hivyo, na usiondoke bila nakala yako ya fomu yenye namba ya mtafiti mkuu na ya kamati. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, ndipo atie dole gumba. Ukitaka kujitoa kesho, unajitoa, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea.

Na hili la kwamba wagonjwa hugeuzwa panya wa maabara limetuchosha. Palipo na tiba inayofanya kazi, mgonjwa wa saratani haachiwi dawa hewa, yaani isiyo na tiba ndani, peke yake. Dawa mpya hulinganishwa na tiba iliyopo. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ikishasambaa ilikuwa ikiua wengi ndani ya mwaka. Majaribio ndiyo yaliyoleta ipilimumab, iliyoidhinishwa Marekani 2011, kisha pembrolizumab na nivolumab 2014, dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Leo wapo waliopitisha miaka 10. Hazimfai kila mtu, na zaweza kuvimbisha utumbo au mapafu vibaya. Hilo nalo lazima uambiwe kabla ya kutia saini.

Kwa watu weusi melanoma hutokea zaidi kwenye unyayo na chini ya kucha. Huku pwani doa hudhaniwa mwiba wa baharini, au hufichwa na hina na piko, harusi hadi harusi. Doa linalopanuka, au mstari mweusi wa kucha unaozidi upana, lipelekwe hospitali likatwe kipande kipimwe. Bila majibu hayo kwa maandishi hakuna mtafiti halali atakayekupokea, kwa hiyo anza na daktari wako, Malindi au kwa rufaa Mombasa, na umuulize kama upo utafiti unaokufaa.