Kipupwe cha Dar: kuku wako hana baridi, hana cha kuokota

Kila ikifika Juni simu zinaanza: "Dokta, kuku wamegoma kutaga, baridi imewazidi." Wengi wanaopiga ni wafugaji wa nyuma ya nyumba, wa Kimara, Goba au Chanika, wenye kuku kumi au ishirini wanaojitafutia mchana na kutupiwa pumba jioni.

Baridi ipi? Usiku wa kipupwe hapa Dar hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na mchana hupanda hadi 28. Kwa mnyama mwenye manyoya hayo ni raha tupu. Wa kuonewa huruma ni kuku wa Februari, anayetweta mdomo wazi chini ya mwembe.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa Ulaya, ambako theluji hufunika ardhi na mchana unaweza kubaki wa saa nane tu. Kule kuku huongezewa mahindi jioni ili apate joto la kumvusha usiku, na banda huwashiwa taa, maana kuku wa mayai hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Kwetu mchana wa Juni haupishani na wa Desemba hata saa nzima. Ukimshindilia mahindi kuku wa Tabata, atanenepa, na mayai hutayaona.

Kinachobadilika ni ardhi. Masika ikishakatika, majani yanakauka na wadudu wanapotea juu ya udongo. Kuku anaparua kutwa nzima na tumbo linajaa vitu visivyo na protini. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Kuku anayetaga anahitaji 16 hadi 18. Dalili ya mapema iko kwenye kikaango: kiini kimepauka, kwa sababu rangi ile hutoka kwenye majani.

Mimi humchanganyia mfugaji kilo 10 hivi: pumba za mahindi kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 2 na nusu, dagaa waliosagwa kilo 1, chokaa ya mifugo nusu kilo, na chumvi gramu 30 hivi. Kama dagaa ni wa chumvi, chumvi nyingine usiongeze. Kuku anayezurura humtosha gramu 40 hadi 50 kwa siku. Anayefungiwa hula 100 hadi 120, na huyo ni heri umnunulie chakula kamili cha kuku wa mayai.

Dagaa ndipo watu wanapopigwa. Wale wanaouzwa kwa ajili ya kuku mara nyingi wameanikwa chini, na unalipia mchanga kwa bei ya samaki. Kabla ya kununua gunia, chukua konzi moja, itie kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unatuama chini peke yake. Ukiona tabaka nene, rudisha hela mfukoni. Pumba na mashudu vinuse: harufu ya uvundo, mabonge au ukungu ni dalili kwamba huenda mna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na hiyo haiondoki kwa kuanika juani.

Ganda la yai karibu lote ni kalisi kabonati, kwa hiyo usitupe maganda ya jikoni. Yaanike, yatwange hadi yasifanane tena na yai (vinginevyo unawafundisha kula mayai), kisha yaweke kwenye kopo lao pembeni. Anayetaga atayafuata mwenyewe.

Majani ni rahisi: fungu la mchicha, matembele au mlonge, lining'inizwe kimo cha kichwa ili walidonoe badala ya kulikanyaga. Mwenye kiwanja chenye mchwa ajaze chungu kikuukuu nyasi kavu na samadi, anyunyizie maji, akifudikize jioni penye njia ya mchwa. Asubuhi akiinue mbele ya kuku, asimame kando.

Chakula hakichukui nafasi ya chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle). Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu.

Ukishabadilisha chakula, subiri wiki mbili tatu kabla ya kunipigia tena. Kama kuku ananyonyoka manyoya, subiri zaidi: manyoya ni protini karibu yote, na hayo atayaotesha kwanza.