Acid jazz haitafutwi kwa jina lake

"Nimetafuta acid jazz, nimesikiliza orodha nzima, nyimbo ni zilezile. Nipe mpya." Ombi hili la wapenzi wa acid jazz, muziki unaochanganya jazi, soul, fanki na midundo ya dansi, halikauki, na karibu kila anayelileta amefanya jambo lilelile: kaandika maneno mawili kwenye kisanduku cha kutafutia, kabonyeza orodha ya kwanza iliyojitokeza, kaiacha icheze. Ikifika mwisho anadhani muziki wenyewe umekwisha. Hapana. Kilichokwisha ni kile ambacho maneno hayo mawili yanaweza kukuletea, nacho ni kidogo mno.

Dhana: Programu ya kusikilizia muziki ikishajua napenda acid jazz, itaniletea iliyobaki

Hii ndiyo inayoharibu mambo kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo.

Ukweli ni kwamba programu haijui acid jazz ni kitu gani. Kikubwa inachojua ni kuwa waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule. Hesabu ya namna hiyo humsukuma kila mtu kwenye nyimbo ambazo tayari zina wasikilizaji wengi. Anzia popote, baada ya nusu saa utafikishwa kwa "Virtual Insanity" ya Jamiroquai au "Cantaloop" ya Us3. Ni nyimbo nzuri sana, ila ulikuwa nazo tangu mwanzo. Santuri iliyotolewa na lebo (kampuni ya rekodi) ndogo mwaka 1993, ikapandishwa mtandaoni miaka ishirini baadaye, haina historia ya kusikilizwa, na kisicho na historia hupendekezwa kwa nadra.

Jina lenyewe nalo linabeba mizigo mitatu tofauti. Kuna muziki wa London wa kuanzia 1987, mwaka ambao ma-DJ Gilles Peterson na Eddie Piller walianzisha lebo ya Acid Jazz. Kuna jazi yenye soul na fanki ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo katika miaka ya 1990 ilitolewa upya kutoka hazina ya lebo ya Prestige kwa mfululizo ulioitwa Legends of Acid Jazz. Humo yumo mpiga dramu Idris Muhammad na rekodi zake za 1970 na 1971, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo. Halafu kuna muziki wa kupooza masikio, unaotengenezwa kwa wingi ili ujaze saa za kazi au za chakula, ukabandikwa jina hilohilo kwa sababu linavutia. Orodha iliyoandikwa "acid jazz" huchanganya mizigo yote mitatu bila kukwambia.

Ongeza na hili: mwaka unaoonyeshwa kwenye programu mara nyingi ni wa kutolewa upya. Anayechuja kwa miaka hupotea hapo. Albamu ya 1975 hujitokeza kama ya 2004, na ya 1992 haionekani kabisa.

Kinachofanya kazi ni majina ya watu. Chukua albamu moja unayoipenda, moja tu. Andika nani kapiga dramu, nani kapiga besi, nani alikuwa kwenye kinanda, nani alikuwa mtayarishaji, ni lebo gani, na wageni gani walialikwa. Programu za kusikilizia huonyesha watunzi na watayarishaji, lakini wapigaji mara nyingi hawamo. Nenda Discogs, tovuti yenye kumbukumbu za rekodi, fungua ukurasa mkuu wa albamu, utaona matoleo yake yote yamepangwa kwa nchi na mwaka. Fungua toleo la awali na angalau moja la baadaye, usome majina na picha za jalada la nyuma. Usidhani matoleo yote ni kitu kimoja: albamu ya kwanza ya kundi la Brand New Heavies ilitoka 1990 bila mwimbaji N'Dea Davenport, na sauti yake imo katika toleo la 1991. Aliyenunua la kwanza na aliyenunua la pili wanazungumzia albamu mbili wakidhani ni moja.

Sasa mfuate huyo huyo N'Dea Davenport. Bonyeza jina lake, tazama sehemu ya alikoshiriki, upange kwa mwaka. Utafika kwenye Jazzmatazz ya kwanza ya rapa Guru, 1993. Soma wageni wa albamu hiyo: Donald Byrd kwenye tarumbeta, Roy Ayers, Lonnie Liston Smith, Courtney Pine, mpiga gitaa Ronny Jordan. Mlango mmoja umekufungulia mitano. Ingia kwa Donald Byrd, ufike Places and Spaces ya 1975. Watayarishaji ni Larry na Fonce Mizell, dramu kapiga Harvey Mason, besi Chuck Rainey. Mizell, Mason na Rainey hao hao utawakuta kwenye Blacks and Blues ya mpiga filimbi Bobbi Humphrey (1973) na Gears ya Johnny Hammond (1975). Mason huyo huyo ndiye yuko nyuma ya dramu kwenye Head Hunters ya Herbie Hancock, 1973. Umesogea hatua nne, umepata albamu tano za uzito huo, na hakuna hata moja iliyoletwa na orodha.

Nasisitiza dramu na besi kabla ya mwimbaji kwa sababu muziki huu umejengwa juu ya mdundo. Mwimbaji akihama kundi anaweza kwenda kuimba kitu kingine kabisa. Mpiga dramu akihama, mkono wake anahama nao.

Wengi hukosea kwa kwenda nyuma tu. Wanafika miaka ya 1970, wananogewa, hawarudi. Kwenda mbele njia ni lebo na mwenye lebo. Peterson alitoka Acid Jazz akaanzisha Talkin' Loud mwaka 1990. Panga rekodi za lebo hiyo kwa mwaka: Galliano, Young Disciples, Incognito na Omar mwanzoni, halafu Roni Size na Reprazent, walioshinda tuzo ya Mercury ya Uingereza 1997 kwa New Forms, na 4hero. Mwaka 2006 akaanzisha Brownswood, na huko ndiko ilikotoka Black Focus ya Yussef Kamaal, 2016. Kufuata mtu mmoja tu kumekupitisha miaka karibu thelathini.

Mambo madogo yanayokwamisha. Majina yanayofanana: ukiandika James Taylor utaletewa mwimbaji wa Marekani mwenye gitaa, si James Taylor Quartet wa Uingereza na ogani lao la Hammond. Mother Earth ni kundi la London la miaka ya 1990, lakini pia ni kundi la roki la Marekani la miaka ya 1960. Ongeza jina la lebo au la albamu kila unapotafuta jina la kawaida. Zima uchezaji wa kuendeleza wenyewe, maana ukisinzia, nyimbo kumi usizozichagua zinaingia kwenye historia yako na kuivuta hesabu pembeni. Ukipiga muziki wa watoto au wa sherehe, washa kwanza kipindi cha faragha. Na usiruke wimbo kabla ya sekunde 30: kwenye Spotify kusikiliza huhesabiwa kuanzia hapo, na nyimbo nyingi za aina hii huanza kwa dramu na besi pekee kabla ya kufunguka. Anayeruka kwenye sekunde ya kumi hajausikia wimbo.

Kiasi? Albamu moja nzima kwa wiki, mara mbili, na majina matatu mapya kutoka kila albamu. Inatosha kabisa. Anayejipa hamsini kwa wiki hakumbuki hata moja.

Dhana: "Acid" ni dawa za kulevya, au ni ile sauti ya mashine inayokwaruza

Jina lilizuka kama utani wa ma-DJ wa London wakati acid house, muziki wa dansi wa mashine, ulipokuwa umeuteka mji. Sauti ya kukwaruza ni ya acid house, na hutoka kwenye mashine ya besi ya Roland TB-303. Kwenye acid jazz huitafuti. Kwa vitendo: usiandike "acid" peke yake popote, utazikwa na tekno.

Dhana: Si ndiyo ile jazi laini ya kwenye lifti?

Hapana, na inaudhi kuusikia muziki wa watu waliotoka jasho ukiitwa hivyo. Kipimo ni rahisi. Fikiria umeondoa dramu, besi na ngoma za mkono. Wimbo ukibaki umesimama vilevile, saksafoni ikiendelea kububujika, hiyo ni jazi laini. Acid jazz ukiiondolea hizo inaanguka. Halafu sikiliza vinanda: Hammond yenye spika ya Leslie inayozunguka, Rhodes, kinanda cha umeme, inayolia kama kengele iliyofunikwa kitambaa, gitaa lenye pedali ya wah-wah. Kinanda kikiwa kinang'aa kupita kiasi na dramu zimesafishwa hadi hazina ngozi, endelea mbele.

Dhana: Ni muziki wa London tu

Ulizaliwa huko, haukubaki huko. New York kuna Groove Collective. San Francisco ilizaliwa lebo ya Ubiquity, na tawi lake la Luv N' Haight linalotoa upya rekodi za zamani. Italia kuna Irma ya Bologna na Schema ya Milano. Ujerumani kuna Compost ya Munich na kundi la Jazzanova la Berlin. Finland kuna Five Corners Quintet. Ila kama una jioni moja tu, ipeleke Japani: United Future Organization, Mondo Grosso, Kyoto Jazz Massive, Monday Michiru. Walishika muziki huu kwa umakini unaostahili heshima zaidi ya ule unaopewa. Kule jina la msanii linaweza kuwa limeandikwa kwa Kijapani tu, kwa hiyo nakili maandishi hayo kutoka Discogs uyabandike kwenye programu yako. Discogs pia inakuruhusu kuchuja mtindo, nchi na mwaka kwa pamoja. Weka Acid Jazz, Japani, 1994, uone.

Dhana: Ulikufa miaka ya 1990

Kilichochakaa ni jina. Watu waliendelea na kazi, na maduka yakaanza kubandika maneno mengine: nu jazz, broken beat, jazz-funk. Tafuta kwa hayo. Lebo ya Acid Jazz bado inatoa rekodi, Incognito ya Bluey Maunick bado ipo, na New Mastersounds wa Leeds wametoa albamu baada ya albamu katika karne hii. Ezra Collective waliopewa Mercury 2023 hawajiiti acid jazz, lakini sikio lililolelewa na Galliano litawatambua kama ndugu.

Kwa muziki wa sasa, Bandcamp, tovuti ya kununua muziki, inaishinda Discogs. Chini ya albamu kuna picha za walionunua. Bonyeza moja, utaona yote aliyonunua mtu huyo. Usichague yeyote tu: tafuta mnunuzi aliye na albamu zako mbili zisizojulikana sana, kisha pitia mkusanyiko wake. Mtu aliyetoa pesa mfukoni kwa rekodi mbili adimu unazozipenda ana sikio linalokaribiana na lako, na hilo hakuna hesabu ya mashine itakayokupa.

Dhana: Lazima nijue jazi kwanza

Si lazima. Sampuli, yaani vipande vya rekodi za zamani vilivyotumiwa ndani ya wimbo mpya, zitakufundisha njiani. "Cantaloop" imejengwa juu ya "Cantaloupe Island" ya Herbie Hancock, kutoka Empyrean Isles ya 1964. Us3 walipata ruhusa ya Blue Note kutumia hazina yake, kwa hiyo albamu yao nzima ni ramani. Tafuta kila wimbo kwenye WhoSampled, tovuti inayoonyesha sampuli zilikotoka, sikiliza asili yake, kisha rudi.

Dhana: Albamu za mkusanyiko ni za wanaoanza

Kinyume chake. Singo nyingi za muziki huu hazikuwahi kuwekwa kwenye albamu ya msanii. Ziliishi kwenye santuri za inchi 12 na kwenye mikusanyiko kama Totally Wired ya Acid Jazz, Rebirth of Cool, au Future Sounds of Jazz ya Compost. Shida ni kuwa kwenye programu mikusanyiko hiyo ama haipo, ama ina mapengo, kwa sababu haki za kila wimbo zina mwenyewe tofauti. Usiitafute kama albamu. Fungua orodha yake ya nyimbo kwenye Discogs, tafuta wimbo mmoja mmoja kwa jina la msanii, na uangalie dakika zake. Discogs ikiandika 7:10 na programu ikakuletea 3:50, umepewa toleo lililofupishwa kwa ajili ya redio, na kilichokatwa mara nyingi ni solo ya kinanda. Jaribu YouTube, ambako waliohifadhi santuri hupandisha upande mzima.