Bendera za Maharamia: Yanayosemwa na Yaliyothibitika

Mtu akioneshwa bendera kuukuu yenye fuvu, macho yake huenda moja kwa moja kwenye fuvu. Aliyezoea vitambaa vya kale huanza na pindo. Huigeuza bendera upande wa nyuma, akasogeza taa, akatafuta mshono. Mshono wa mkono hutembea kama mtu: hapa sindano imeingia karibu, pale imeruka kidogo, mbele uzi umekatika ukafungwa kifundo. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazoshikana ndani ya kitambaa, na hatua zake zote ni sawasawa. Cherehani zilianza kuenea miaka ya 1850. Katika maharamia maarufu, Sam Bellamy alikufa 1717, Blackbeard 1718, Bartholomew Roberts 1722. Bendera yenye pindo la cherehani haiwezi kuwa ya yeyote kati yao, hata fuvu lake likitisha namna gani.

Nimeona niyaandike haya kwa sababu picha za bendera hizi zimeingia kwenye vitabu vya watoto na kwenye fulana kana kwamba ni historia iliyohakikiwa. Walioziona bendera halisi zikiwajia baharini walikuwa manahodha na mabaharia walioporwa, na baadhi yao walieleza mbele ya mahakama walichokiona. Maelezo yao yapo, na yanastahili kusikilizwa kabla ya mchoraji aliyezaliwa miaka mia mbili baadaye.

Dhana: Tunajua bendera ya kila nahodha ilivyokuwa

Karibu kila mtu ameiona ile karatasi yenye bendera kumi na kitu, kila moja na jina la haramia wake chini. Sehemu kubwa ya ulinganisho huo wa majina na michoro ni kazi ya karne ya 20.

Chukua ile ya Blackbeard: kiunzi cha mifupa chenye pembe, mkono mmoja saa ya mchanga, mwingine mkuki unaochoma moyo. Mchoro wa namna hiyo ulichapishwa Uingereza mwaka 1912 bila kuhusishwa na Blackbeard. Jina lake lilibandikwa baadaye. Sasa wasikilize waliokutana naye. Mwaka 1718, katika Ghuba ya Honduras, kundi lake liliivamia meli iitwayo Protestant Caesar, na habari ikafika kwenye gazeti la Boston. Kilichoandikwa ni bendera nyeusi zenye fuvu, na kwenye mashua nyingine bendera nyekundu. Hakuna pembe wala moyo.

Moyo huo, hata hivyo, haukubuniwa. Julai 1723 watu 26 wa genge la Charles Harris walinyongwa Newport, Rhode Island, na bendera yao ikafungwa kwenye kona ya mti wa kunyongea. Aliyeandika habari hiyo aliieleza vizuri: umbo la Mauti kwenye kitambaa cheusi, mkono mmoja saa ya mchanga, mwingine mshale, na kwenye ncha ya mshale moyo unaodondosha matone matatu ya damu. Wenyewe waliiita Old Roger, na walizoea kusema wataishi na kufa chini yake. Kwa hiyo bendera ya moyo ilikuwepo kweli. Wachoraji wa baadaye waliichukua, wakaiongezea pembe, wakampa mtu aliyekuwa ameshakufa miaka mitano kabla ya siku ile ya Newport.

John Rackham naye kapewa fuvu juu ya mapanga mawili yaliyopishana, pengine bendera inayouzwa kuliko zote. Kesi yake ilisikilizwa Jamaica mwaka 1720 na kumbukumbu zake zilichapishwa. Mapanga hayo hayamo.

Ushahidi wa kuaminika wa mwanzo wa fuvu na mifupa ni wa 1700. Nahodha John Cranby wa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Poole, alimkimbiza haramia Mfaransa Emanuel Wynne karibu na visiwa vya Cape Verde. Aliandika kwamba Wynne alipigana chini ya bendera nyeusi yenye fuvu, mifupa iliyopishana na saa ya mchanga. Saa ile ndiyo ujumbe ninaouona mzito kuliko fuvu: mchanga unateremka, amua upesi kama unajisalimisha.

Dhana: Makumbusho yana bendera nyingi za maharamia

Zinazooneshwa hadharani kama bendera halisi za maharamia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na hakuna hata moja inayoweza kufungamanishwa, kwa hati isiyokatika, na haramia maarufu wa kipindi cha 1690 hadi 1730.

Sababu ya kwanza ni kitambaa chenyewe. Bendera za meli zilishonwa kwa sufu nyepesi, nyingine kwa hariri. Sufu huliwa na nondo, hariri hukatika kwenye mikunjo, na jua na chumvi ya bahari humaliza kilichobaki. Mabaki ya meli ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge, yaligunduliwa 1996 nje ya pwani ya North Carolina. Yametoa mizinga, nanga na vitu vingine kwa maelfu, lakini bendera hakuna. Katika chemba ya mzinga mmoja wataalamu walikuta vipande 16 vidogo vya karatasi, vimenusurika kwa sababu vilikuwa vimeshindiliwa pamoja na vitambaa mahali ambapo maji hayakupenya vizuri. Hiyo ndiyo bahati inayohitajika ili kitu laini kikae baharini miaka mia tatu.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu zaidi. Bendera ilikuwa ushahidi wa kumtia mtu kitanzi. Februari 1722, karibu na rasi ya Lopez katika Gabon ya leo, HMS Swallow chini ya Chaloner Ogle iliikamata Ranger, mojawapo ya meli za Roberts. Kabla ya kusalimu amri, wafuasi wake waliitupa bendera yao baharini ili isije ikasimama dhidi yao hukumuni wala kuringishiwa na washindi. Siku chache baadaye Ogle akaifuata Royal Fortune, meli ya Roberts mwenyewe. Roberts aliuawa, mlingoti ukaanguka na kuibana bendera, na maharamia wakashindwa kuivuta kutoka chini yake. Ogle aliipata: kiunzi cha mifupa, na mtu mwenye upanga wa moto. Basi ile moja iliokolewa na mlingoti uliovunjika. Watu 52 wa genge hilo walinyongwa Cape Coast, Ghana ya leo, na bendera hiyo haimo katika jumba lolote unaloweza kulitembelea.

Dhana: Zile chache zilizopo ni za enzi ya Blackbeard

Jumba la makumbusho ya jeshi la majini huko Portsmouth, Uingereza, lina bendera nyekundu iliyofifia yenye fuvu na mifupa. Habari yake ni kwamba ilitekwa kwenye pwani ya Afrika Kaskazini na Luteni Richard Curry, ambaye baadaye alikuwa admirali, na ukoo wake ukaitunza. Hiyo ni mwishoni mwa karne ya 18, zaidi ya nusu karne baada ya Roberts. Makumbusho ya bahari ya Mariehamn, katika visiwa vya Åland nchini Finland, nayo ina bendera yake, na huitaja kuwa miongoni mwa chache zilizosalia duniani. Ile ya jumba la maharamia huko St. Augustine, Florida, hukadiriwa kuwa ya karibu mwaka 1850.

Tarehe hizo haziziondolei thamani. Ile ya Portsmouth ina kitu ambacho bendera nyingi hazina: jina la aliyeiteka na familia iliyoikabidhi. Katika kazi hii mlolongo wa mikono iliyopokezana kitu unashinda sura ya kitu chenyewe. Linganisha na meli ya Bellamy, Whydah, iliyozama Cape Cod, Marekani, Aprili 1717. Mabaki yake yalipopatikana wapo waliotilia shaka, mpaka kengele ilipotolewa mwaka 1985 ikiwa na maandishi THE WHYDAH GALLY 1716. Shaka ikaisha. Bendera haikuandikwa jina la meli wala mwaka, kwa hiyo lazima isindikizwe na karatasi au na watu.

Dhana: Maabara inaweza kusema ni ya mwaka gani

Wengi hudhani kinyofolewe kipande, kipimwe kaboni ya mionzi, ile inayopungua kadiri kitu kinavyozeeka, mwaka utoke. Kwa bahati mbaya karne tunazozitaka ndizo kipimo hicho kinapoyumba. Kuanzia katikati ya karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 20, kiwango cha kaboni hiyo hewani kilipanda na kushuka, kisha moshi wa makaa ya mawe ukakivuruga zaidi. Kitambaa cha 1720 na cha 1880 vinaweza kutoa majibu yanayoingiliana. Kinachogundulika kwa urahisi ni kitambaa kilichotengenezwa baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, maana majaribio hayo yaliacha alama hewani.

Maabara ina nguvu zaidi katika kukataa kuliko katika kuthibitisha. Rangi ya kwanza ya vitambaa iliyotokana na lami ya makaa ya mawe iligunduliwa na William Perkin mwaka 1856. Ukikuta rangi ya jamii hiyo, karne ya 18 imeondoka mezani. Fuvu jeupe lililopakwa rangi ya titani haliwezi kutangulia karne ya 20, kwa kuwa rangi hiyo ilianza kuuzwa miaka ya 1910. Na hata kitambaa chenyewe kikiwa cha kale kweli, mtu anaweza kununua shuka la zamani na kuchora fuvu jana.

Kuna dalili moja ninayoipenda, ingawa peke yake haitoshi. Weusi wa zamani mara nyingi ulipatikana kwa kuchanganya chuma na tanini, ile dawa ya mimea iliyomo pia katika magome ya mikoko yaliyotumika pwani kwetu kutengenezea ngozi. Weusi huo hukila kitambaa polepole. Miaka ikipita, sehemu nyeusi hugeuka kahawia na kupukutika kama jani kavu, huku sehemu nyeupe iliyoshonewa juu ikibaki imara. Bendera nyeusi tititi, laini mkononi, inayodaiwa kuwa ya miaka mia tatu, inatakiwa kujieleza.

Dhana: Bendera ya haramia ni nyeusi

Nyekundu ilikuwepo, na ilitisha zaidi. Richard Hawkins, nahodha aliyetekwa na genge la haramia Spriggs mwaka 1724, alieleza kwamba chini ya nyeusi yenye kiunzi walikuwa tayari kumwachia uhai anayesalimu amri. Chini ya nyekundu hapakuwa na msamaha. Agosti 1720, huko Nzwani katika visiwa vya Ngazija, nahodha James Macrae wa meli ya Cassandra alijikuta mbele ya maharamia wa Edward England. Aliandika kwamba walimjia na bendera nyeusi na za damu. Alipigana nao kwa saa kadhaa.

Wapo wanaosema jina Jolly Roger, ambalo Waingereza huiita bendera ya maharamia, linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya nyekundu nzuri. Hadithi hiyo inavutia, ila maandishi ya wakati ule hayaiungi mkono. Yana Old Roger na Jolly Roger tu.

Dhana: Penye fuvu pana haramia

Fuvu na mifupa vilikuwa alama ya kifo kwa kila mtu Ulaya, kanisani na makaburini. Kwenye kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, watalii hupelekwa kwenye makaburi ya maharamia wakapiga picha jiwe lenye fuvu. Jiwe hilo ni la Mfaransa aliyefariki 1834, zaidi ya karne moja baada ya maharamia kuondoka. Katika karne ya 19 vyama vya siri vya Marekani navyo viliweka fuvu kwenye aproni na vitambaa vyao vya sherehe, na vitu hivyo vikitoka kwenye sanduku la babu huuzwa kirahisi kama vya maharamia.

Halafu kuna nyambizi. Septemba 1914 Mwingereza Max Horton, baada ya nyambizi yake E9 kuizamisha meli ya Kijerumani Hela, alirudi bandarini akipeperusha bendera ya fuvu. Desturi ikashika, na katika Vita ya Pili ya Dunia wanamaji walishonea juu yake alama za meli walizozamisha. Makumbusho ya nyambizi ya Gosport yana kadhaa. Hizo ni za kweli, mwaka wake unajulikana, meli yake inajulikana. Ni haramia tu aliyekosekana.

Dhana: Bendera ya fuvu ilipepea saa zote

Haramia aliyetweka fuvu asubuhi hadi jioni angekufa njaa, maana kila shehena ingemkimbia. Walisafiri na bendera za mataifa, wakaitweka yao walipokaribia.

Kuhusu matumizi ya bendera tuna hata barua kutoka kwa haramia mwenyewe, na imeandikwa jirani na sisi. Mapema mwaka 1695 Henry Every aliacha barua hiyo Nzwani kwa manahodha wa Kiingereza. Karatasi za leo humpa Every fuvu la kutazama upande, lenye kilemba na hereni. Barua yake haina fuvu. Inawaambia manahodha wakitaka kujua yeye ni nani, waikunje bendera yao iwe furushi na kuipandisha kwenye mlingoti wa nyuma, tanga la mlingoti huo likiwa limefungwa. Naye atajibu hivyohivyo na hatawagusa. Anaonya kwamba watu wake wana njaa na ni wakali, wakizidi anavyotaka yeye hataweza kuwazuia. Kisha akajiita rafiki wa Waingereza, hadi sasa, akatia sahihi.