Kalenda ya uchoraji wangu inaamuliwa na masika

Wageni wanaoingia studio kwangu, Moshi mjini, huanza kwa kuuliza bei, halafu macho yao hutua kwenye ndoo tatu za tope zilizo mlangoni. Tope hilo linatoka Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kipande cha kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, nilichokodi kwa bibi mmoja. Ndani ya mpaka wake wa masale napanda mnafu, maharage na karoti chini ya migomba. Ndizi na kahawa ni zake. Mwaka wa tisa huu, na sipangi maonyesho kabla ya kupanga shamba.

Sababu ni hesabu. Akriliki hukauka kwa maji yake kupotea hewani. Rangi ya mafuta haiko hivyo: mafuta ya kitani huvuta oksijeni na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba linaweza kushikika baada ya siku kadhaa, nene huchukua miezi, na vanishi ya kawaida ya kumalizia husubiri miezi sita hadi mwaka. Baridi na unyevu huongeza kungoja. Wanunuzi wangu wengi ni Wachagga wanaorudi nyumbani Krismasi, kwa hiyo picha ya Desemba inapaswa kuachwa na brashi kufikia mwisho wa Juni. Na kabla ya Juni kuna nini? Machi, Aprili, Mei: masika, miezi ya jembe.

Mwaka mmoja nilitaka vyote kwa pamoja. Nilichelewa kupanda, nikachelewa na picha, nikamalizia anga la picha kubwa Septemba, kisha nikaifunga kwa nailoni na kupanda nayo Coaster kwenda Arusha. Ni kilomita themanini hivi. Nilipoifungua, nailoni ilibanduka na mawingu yangu. Niliumia sana.

Sasa kazi nene naifanya Januari na Februari, jua likiwa kali. Masika asubuhi niko shambani, mchana nachora kwa mkaa tu. Juni mawingu yanapofunika mlima, mwanga dirishani unakuwa tulivu, hauna kivuli kikali, na hapo ndipo naziona rangi vizuri. Namalizia kwa tabaka nyembamba, nikichanganya amba, rangi ya kahawia yenye manganizi inayoharakisha kukauka.

Kuhusu ndoo. Siku nyingi za kupalilia zilinionyesha jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nachora migomba kwa kutazama picha za simu: upande wa chini wa jani si kijani tu. Jua likipiga udongo, wekundu unarudi juu na kulipaka jani. Nilijaribu kuupata wekundu huo kwa rangi za dukani, ukawa wa matofali. Nikaamua kutumia udongo wenyewe.

Sichukui ule mweusi wa juu wenye mizizi na samadi; nachimba hadi ule mwekundu. Naukoroga kwenye maji mengi, nasubiri kama dakika moja mchanga uzame, namimina maji ya tope kwenye ndoo ya pili, narudia kwenye ya tatu. Naliacha tope litulie usiku kucha, namwaga maji ya juu, naanika kinachobaki kwenye bati, natwanga, nachekecha kwa kitambaa cha kanga. Mwishoni nasaga na mafuta ya kitani juu ya kioo, taratibu, mpaka ilainike kama siagi. Wekundu huo ni chuma kilichoungana na oksijeni, na mwanga hauufifishi. Rangi ya bizari inapendeza siku ya kwanza lakini jua huila. Siiweki kwenye kazi ya kuuza, hata mteja akiiomba.

Kuna mambo mawili sina mzaha nayo, kwa kuwa mboga zile tunakula. Nimeacha rangi zenye kadimiamu, metali yenye sumu, na maji ya kuoshea brashi hayafiki shambani wala kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Tena, tambara lenye mafuta ya kitani halitupwi kwenye mboji. Likikunjwa hutoa joto lake lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Naliloweka kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Safari hii ufunguzi wa maonyesho umeangukia siku ya zamu yangu ya maji. Nilipanda Uru kumwomba bibi tubadilishane. Akaniambia, “Nenda na picha zako, mjukuu wangu. Ila Alhamisi alfajiri nikukute mfongoni.” Karoti zina wiki tatu, haziwezi kungoja.