Kwa nini ninazifundisha Kintu na Peponi pamoja

Kila ninapoandaa kozi ya riwaya ya Kiafrika kwa wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Kampala, huanza kwa kufuta. Muhula una wiki 15, na darasa haliwezi kusoma kwa makini zaidi ya riwaya tano. Anayeorodhesha kumi anafundisha mihtasari. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya mwaka 1973 ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, niliiondoa ingawa naipenda, kwa kuwa wengi hufika wakiwa wamekwisha kukariri majibu yake sekondari.

Zinazobaki huzioanisha. Jozi ninayoitetea kila mwaka ni Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2014, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Zote zinamhusu mtoto anayekulia nyumba isiyo ya baba yake. Kalema, mwana wa Ntwire, analelewa na Kintu Kidda katika Buganda ya mwaka 1750, hadi siku anapokinywea kibuyu cha mlezi wake na kuzabwa kofi linalomwua na kuuachia ukoo laana. Yusuf, mwenye miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz bila kujua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Neno hilo rehani hutuchukua saa nzima. Wasemaji wa Kiluganda hulifananisha na omusingo, yaani dhamana ya deni, kisha mmoja huuliza kama Kalema naye alikuwa mwana kweli au amana tu. Msafara wa Aziz unapoingia bara, ambako wapwani huwaita wenyeji washenzi, darasa hunyamaza, maana wabara ni wao.

Mwenzangu mmoja hulalamika kwamba Kintu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, haina nafasi katika kozi ya Kiswahili. Humkumbusha kuwa mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962 uliwaita wanaoandika kwa Kiingereza, Shaaban Robert akabaki nje, na akafariki mwaka huohuo. Sioni faida ya kuigeuza dhambi ileile upande wa pili.

Vitabu vyenyewe ni haba. Muhula uliopita nilitoa kopi kwenye duka moja la Wandegeya, za utangulizi wa Kintu, ambamo umati unamwua Kamu, mmoja wa wazao wa Kintu, pale Bwaise, na ukurasa wa mwisho ukarukwa. Nusu ya darasa ilitetea kwa hoja nzito kwamba Kamu alinusurika.