Ule mlio wa "ka!" si mfupa unaorudi mahali pake

Kwenye video za matabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma uti wa mgongo na viungo kwa mikono, mgonjwa kalala kifudifudi, viganja vinatua mgongoni, msukumo mmoja wa ghafla: ka! Watazamaji hushangilia, "mfupa umerudi!" Haukuwa umetoka. Mwenye pingili ya uti wa mgongo iliyoteguka kweli ni wa kukimbizwa hospitali.

Kinacholia ni kiungo. Kati ya mifupa miwili mna ute. Nyuso za mifupa hiyo zikiachanishwa ghafla, shinikizo hushuka na kiputo cha gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti nchini Kanada walilionyesha hilo kwa kuvuta vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili. Ndiyo maana ukishaalisha kidole, hakialiki tena mpaka zipite kama dakika 20.

Dhana hii ya mfupa kurudi mahali pake ina asili yake. Mwaka 1895, huko Davenport, Iowa, D. D. Palmer, mwanzilishi wa kairopraktiki, alidai kumrudishia Harvey Lillard usikivu kwa kusukuma pingili, kisha akafundisha kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama. Siku hizi wengi huwaendea matabibu hao kwa maumivu ya kiuno, shingo na kichwa. Kiuno hupata nafuu ya wastani, mlio uwepo usiwepo. Mazoezi nayo huleta nafuu kama hiyo.

Shingo, mimi singekubali izungushwe kwa kasi: ni nadra, lakini mshipa wa damu iendayo kwenye ubongo unaweza kuchanika. Na maumivu ya mgongo yakija na ganzi miguuni au mkojo usiozuilika, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.